Usukani mrefu kwenye V-Strom 650: robo saa ya kazi, wiki tatu za nyaya

MzeeWaMaweni

Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Uzi huu niliuahidi tangu kabla ya Ramadhani na kila nikikaa kuuandika napata kisingizio. Leo stima imepotea Malindi nzima, simu ina chaji, basi pokeeni.

Pikipiki ni Suzuki V-Strom 650 ya 2006, isiyo na ABS (breki zinazozuia gurudumu lisijifunge). Niliinunua kwa Mtaliano mmoja wa Casuarina aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Mashine haina neno. Neno ninalo mimi: nina futi sita na inchi mbili, miaka 54, na mgongo uliobeba mbao ujanani. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Nikifika daraja la Kilifi viganja vimekufa ganzi. Nikifika Mtwapa shingo imegoma, na pale kwenye foleni ya ule ujenzi wa barabara ndipo hujiuliza kwa nini sikupanda matatu nikalala.

Mwaka jana niliweka spesa za milimita 30 chini ya vibano vya usukani. Bolti nne ndefu zaidi, vipande viwili vya aluminiamu, chai haijapoa kazi imekwisha. Kila kitu kilifika bila kuguswa: nyaya, paipu ya breki, waya za swichi. Maumivu yakapungua nusu. Hapo tamaa ikaingia.

Nikaagiza usukani mtandaoni. Muuzaji simtaji. Picha ilikuwa ya V-Strom, maelezo yakasema unaingia V-Strom. Nilipoufungua pale uani nikakuta katikati ni mnene wa milimita 28.6, na vibano vyangu ni vya 22. Mjue hili kabla hamjatoa pesa: sukani za pikipiki nyingi ni 22 mwanzo hadi mwisho, hizo nene ni 28.6 pale zinapobanwa halafu zinakonda hadi 22 kwenye mikono, na Harley wana yao ya inchi moja, yaani 25.4. Kwa vile ncha za mbili za kwanza ni sawa, ukiushika tu kwa mikono dukani hutajua. Pesa hazikurudi. Usukani uko chini ya upenu, mke wangu anaanikia nguo za mjukuu.

Wa pili nilikwenda kuununua Mombasa mwenyewe, na kipimo cha venia mfukoni. Unazidi ule wa asili kwa milimita 60 kwenda juu na 25 kurudi nyuma. Spesa sikuzitoa. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi siku hiyo sikufanya.

Nikaufunga Jumamosi alasiri. Nyaya zilinyooka kama demani ya tanga likishika upepo, nikasema zimefika. Jumapili nikatoka, nikavuka daraja la Sabaki, nikafika karibu na Mambrui na raha tele, mgongo wima kama askari. Nikataka kugeuza nirudi. Kando ya barabara pana mchanga na kuna kijana anauza madafu kwenye mkokoteni. Nikaupiga usukani kushoto hadi mwisho, mwendo wa kobe, na injini ikapanda yenyewe. Sikugusa mkono wa mafuta, naapa. Nikabana klachi, injini ikalia kama inachinjwa, gurudumu la mbele likazama mchangani na tukalala wote wawili ubavuni, mimi na kilo zaidi ya mia mbili za chuma. Dafu moja likabingirika likaja kusimama kwenye kofia yangu.

Kijana akaniangalia akasema, "Mzee, pikipiki yako ina jini."

Nikalipia madafu matatu. Jini lenyewe nitawaeleza, ila mkono unauma, niruhusuni nipumzike.

KasaWaWatamu

Pole sana baba. Mkono umepigwa picha hospitali au unauguzwa na mafuta ya nazi?

Na swali la kichokozi: kabla ya kununua sukani mbili, ulijaribu kuzungusha ulionao? Nilikuwa na ganzi hiyohiyo ya viganja kwenye Himalayan yangu. Nilichofanya ni kulegeza vibano, nikaurudisha usukani nyuma kidogo, kisha nikashusha lever za breki na klachi hadi vidole, kiganja na mkono vikawa mstari mmoja. Mtu wa dukani anakufungia lever zikiwa juu, wewe unakunja kifundo safari nzima halafu unalaumu usukani. Haikunigharimu hata shilingi.

MzeeWaMaweni

@KasaWaWatamu picha imepigwa, mfupa mzima, nyama tu ndiyo imekasirika. Lever nilizishusha, na ni kweli ganzi ilipungua. Shingo na mgongo vikabaki vilevile. Lakini ningependa kila anayesoma hapa aanze na ushauri wako kabla ya wangu.

BoxerKisumuNdogo

Ami salama? Nyinyi wenye pikipiki kubwa mna mambo. Sisi kwa Boxer usukani tunaukata katikati, tunaongeza kipande cha paipu, fundi anachomelea, shilingi mia tano na soda. Wangu una miaka miwili na haujasema kitu.

Mkereza

Haujasema bado. Siku utakaposema utasema mara moja tu, nawe uko na abiria na gunia la mkaa.

Mimi kazi yangu ni kukereza vyuma, miaka 20 sasa, shafti za boti kwa wingi. Chuma ulichokichomelea hakikatiki palipo na ule mshono. Hukatika kando yake, pale joto lilipokibadilisha tabia, na hukatika bila kupinda kwanza. Usukani mzima ukianguka nao hupinda, ukaona, ukabadilisha. Uliochomelewa unakubakia mkononi. Kijana wangu, toa hicho kitu leo. Usukani mzima wa Boxer haufiki bei ya kufunga mguu plasta.

BoxerKisumuNdogo

Sawa mkubwa, nimesikia. Lakini nyaya zangu zinafika vizuri!!

Mkereza

Hilo la nyaya ngoja Mzee arudi.

MzeeWaMaweni

Nimerudi, nimekunywa dawa.

Jini la Mambrui ni hili. Waya wa mafuta, ule unaotoka mkono wa kulia kwenda injini, una ngozi ya nje na uzi wa chuma ndani. Unapovuta mkono, uzi unavutwa, ngozi inabaki pale pale. Sasa usukani ukiwa juu mno na ukaupiga kushoto, mkono wa kulia unakwenda mbele, mbali na injini. Ngozi haina pa kurefukia, kwa hiyo waya wote unakazika kwenye kona na uzi wa ndani unavutwa kana kwamba umevuta mafuta. Kwa klachi ni kinyume: ukipiga kulia ndipo waya wake unapokazika, klachi inajibana yenyewe kidogo na inaanza kuteleza.

Kipimo hakihitaji chombo. Washa injini, toa gia, iache iungurume yenyewe, uzungushe usukani kutoka mwisho huu hadi mwisho ule taratibu. Mlio ukipanda hata kidogo, usitoke nyumbani. Mimi ningefanya hivyo uani ningeokoa madafu matatu na bega.

Na paipu ya breki ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haikupi mlio. Inavutika kimya, inachoka pale inapoingia kwenye chuma, na siku moja unabana breki unapata upepo.

Basi nikaufungua usukani, nikarudisha ule wa asili ili niweze kwenda kazini, nikaanza upya kwa akili. Kesho nitaandika nilivyofanya.

AmuMokowe

Mzee pole na shukran kwa darsa. Mimi ni wa Amu lakini pikipiki yangu hulala Mokowe, kwetu mjini ndiya ni ya punda, hata mkokoteni hupita kwa adabu. Nikipanda boti namwachia jamaa gatini.

Nina swali moya. Usukani ukiwa yuu hivyo, upepo je? Kaskazi ikivuma pale kati ya Garsen na Witu hakuna mti wa kukusitiri. Mimi na usukani wa kawaida nafika shingo imepinda upande.

MzeeWaMaweni

@AmuMokowe swali la mtu aliyepita njia hiyo kweli. Ndiyo, nimelipa kwa upepo. Ukikaa wima kifua kinakuwa tanga. Hadi kilomita 80 kwa saa ni raha, 100 inavumilika, ukizidisha hapo unaanza kung'ang'ania usukani, na ukiung'ang'ania pikipiki inaanza kutikisa kichwa. Si pikipiki inayoyumba, ni wewe unayeisukuma na kuivuta bila kujua. Nimejifunza kubana tangi kwa magoti na kulegeza mikono.

Jambo lingine, uzito wa mwili umerudi nyuma, kwa hiyo mbele kumekuwa kwepesi. Kwenye lami si kitu. Kwenye ile changarawe ya kwenda Marafa, tulipokwenda kuwaonyesha wageni lile korongo la Nyari, gurudumu la mbele lilikuwa linaelea nikikaa. Nikisimama kwenye vikanyagio mambo yanakuwa sawa, na kusimama ndiko usukani huu unakolipa pesa yake. Zamani nikisimama nilikuwa nimeinama kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda.

Mkereza

Niongeze hesabu kidogo kwa wanaopenda, wengine ruka.

Watu hudhani spesa ya milimita 30 inakuinulia usukani milimita 30. Sivyo. Spesa hukaa sambamba na shingo ya pikipiki, na shingo imelala nyuma. Kwa V-Strom ni kama nyuzi 26. Kwa hiyo 30 zako zinakuwa 27 kwenda juu na 13 kuja kwako. Ndiyo maana mtu mfupi akiweka spesa anapata nafuu hata kama hakuhitaji kimo: alihitaji usukani umkaribie. Na ndiyo maana Mzee, aliyeacha spesa chini ya usukani unaorudi nyuma, huenda amejikuta amekaa kama mtu anayesukuma mkokoteni.

MzeeWaMaweni

@Mkereza umenikamata. Viwiko vilikuwa vinagusa mbavu. Spesa nimezitoa zote, nimebaki na usukani tu. Kumbe nilitaka milimita 60, si karibu 90.

KasaWaWatamu

Mimi ni mfupi, futi tano na kidogo. Tafadhalini wanawake na wanaume wafupi msisome uzi huu mkakimbilia sukani za watu wa futi sita. Niliazima pikipiki ya rafiki yenye usukani wa juu, kugeuza pale kwa roundabaut mkono wa nje haukufika. Nililazimika kuchomoka kwenye kiti kuufuata usukani kama mtoto anayefuata kibuyu cha maji.

MzeeWaMaweni

Haya, kazi yenyewe. Nitasema nilivyofanya kwenye yangu. Yenu ina kitabu chake.

Kupima. Nilichukua mshipi wa kuvulia, ule mnene, nikaupitisha njia yote ya paipu ya breki kutoka kwenye pampu ya mkononi hadi chini kwenye kalipa, ile inayobana diski. Kuna kosa ambalo fundi wangu alikaribia kulifanya: alipima pikipiki ikiwa imesimama chini kwa uzito wake. Shoki za mbele zimeshuka hapo! Ukiruka tuta gurudumu linaning'inia na paipu inatakiwa iwe ndefu zaidi. Kwa hiyo niliweka jeki na kipande cha mbao chini ya injini, gurudumu la mbele likatoka ardhini, usukani nikaupiga upande ule unaovuta zaidi, ndipo nikakata mshipi. Tofauti ilikuwa upana wa vidole vitatu.

Paipu ya raba ilikuwa ya mwaka uleule wa pikipiki, nikaitupa. Mpya ni ya kusukwa kwa chuma, imetengenezwa Mombasa kwa kipimo cha mshipi. Pale paipu inapofungwa kwa bolti yenye tundu kuna washa za shaba, moja juu moja chini. Hizo ni mpya kila ukifungua, msirudishe za zamani kwa ubahili. Zikishabanwa mara moja zimeshachukua umbo.

Nyaya. Kabla ya kununua ndefu, angalieni njia. Waya wangu wa klachi ulikuwa unapita mbele ya shoki, unazunguka taa kama mtalii, halafu unarudi. Nilipoupitisha nyuma ya shoki moja kwa moja nilipata kama milimita 40 za bure. Bado haikutosha kwa klachi, lakini waya za swichi zilitosha kwa njia hiyohiyo, nikafungua zile tepu za Mtaliano na kuzipanga upya. Nyaya mbili za mafuta, ya kuvuta na ya kurudisha, nilinunua ndefu zote mbili. Msinunue moja. Ukirefusha ya kuvuta ukaacha ya kurudisha imekazika, mafuta hayatarudi ukiachia, na hilo jini ni kubwa kuliko la Mambrui.

Waya wa klachi alinitengenezea fundi wa hapa. Nilikaa naye. Alikata uzi wa ndani, akaupitisha kwenye kichwa cha shaba, akazifumua ncha za zile nyuzi kama ufagio, akazikunja ndani ya kichwa, ndipo akamimina risasi ya moto. Nilimuuliza kwa nini anazifumua. Akanijibu bila kuinua macho, "Usipofumua, inachomoka kama jino la mtoto."

Swichi. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kila kasha la swichi lina pini ndogo ndani inayoingia kwenye tundu la usukani ili lisizunguke. Usukani mpya hauna tundu. Wengine huikata pini. Mimi sikukubali, kasha la mkono wa mafuta likizunguka wakati unaovertake lori utakumbuka hiyo pini. Nilichukua wanja wa mke wangu (ana habari, sasa), nikaipaka pini, nikakaa kwenye pikipiki, nikashika nilivyotaka, nikabana kasha. Nilipolifungua kulikuwa na nukta nyeusi kwenye usukani, ndogo kama chembe ya pilipili manga. Hapo ndipo nilipoweka keekee. Tundu la upande mmoja tu, msitoboe hadi upande wa pili, mnapunguza nguvu bure. Na kabla ya kutoboa kaeni mara tatu, muinuke mara tatu. Tundu halirudi.

Breki. Mafuta ni DOT 4, si doti ya kanga, ingawa kanga ndiyo iliyoponza. Mafuta haya hula rangi. Nilifunika tangi kwa kanga kukuu, tone likaanguka, kanga ikalinyonya ikalilaza juu ya rangi taratibu kama kitambaa cha dawa. Sasa nina alama ya ukubwa wa limau pembeni ya kifuniko. Funikeni kwa plastiki, na ndoo ya maji iwe karibu.

Kutoa hewa kulinitoa jasho. Pampu ikiwa juu zaidi, mapovu yanapanda yanakwama palepale juu, kwenye ile bolti ya tundu. Nilipampu saa nzima, lever bado laini kama embe bivu. Mwishowe nikaibana lever kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaiacha hivyo usiku kucha, usukani umegeuzwa ili pampu iwe ndiyo kilele. Asubuhi ngumu. Povu lilipanda lenyewe kwenye kikombe cha mafuta ya breki. Na usinunue chupa kubwa ya mafuta ya breki uiweke hadi mwakani. Yanavuta unyevu hewani, na hewa yetu hii unajua.

Kukaza. Vibano nilikaza kwa spana ya kipimo, Nm 23, kwa kupokezana, kidogo mbele kidogo nyuma. Mazoea ya "kaza hadi itoe sauti" ndiyo yanayovunja vibano vya aluminiamu.

Mwisho nikarudia kipimo cha injini. Kulia, kushoto, kulia. Mlio haukubadilika. Mkono wa mafuta nimeuachia uchezaji wa milimita kama 3, lever ya klachi kama 12 kwenye ncha.

BoxerKisumuNdogo

Wanja ami 😂😂😂 hiyo nimeichukua

Pwani_Touring

Kazi nzuri, lakini kwa gharama hiyo yote si ungeinua kiti au kushusha vikanyagio? Nimeona watu wengi wanakimbilia usukani kwa sababu unaonekana. Nyonga ikikaa vibaya hata ukiweka usukani wa kufika mawinguni mgongo utauma.

MzeeWaMaweni

@Pwani_Touring nakubali nusu. Kiti nilikipeleka kwa fundi wa makochi mwaka juzi, akaongeza sponji. Kiti kikipanda, usukani unashuka kwako, si ndiyo? Kile kiti ndicho kilichonianzishia haya yote. Kwa mtu mrefu vitu hivi vinakwenda pamoja: ukigusa kimoja unavikuta vingine mlangoni. Kama ningeanza leo ningeanza na vikanyagio, kisha lever, kisha spesa za 30, nikae nazo miezi mitatu, ndipo nifikirie usukani. Nilianza mwisho nikarudi mwanzo.

Mkereza

Na usukani wa juu unaonyesha kila udhaifu wa chini. Ni wenzo mrefu. Kama vibano vyako vimekaa juu ya raba na hizo raba zimechoka, kwa usukani mfupi hutajua, kwa mrefu utahisi unayumba kama mlingoti. Mzee, zako uliziangalia?

MzeeWaMaweni

Niliziangalia baada ya wewe kuuliza, ukweli ni huo. Nimekamata gurudumu la mbele kwa magoti nikausukuma usukani. Hakuna mchezo.

AmuMokowe

Mimi naongeza la chumvi kwa sababu hakuna aliyelitaja na sote twakaa ufuoni. Usukani wa chuma wa kromu hauanzi kupata kutu nde, huanza ndani. Fundi akikata ncha apunguze upana, pale alipokata pako uchi. Yangu nilipotoa raba ya mkono nikamwaya kutu kama kahawa, na nde bado wang'ara. Sasa nipaka ndani grisi ya boti, ile nzito, na ncha nazifunga kwa vizito vyake. Vizito visiachwe: vinatuliza mtetemo, na bila yavyo vidole vitakufa ganzi upya hata usukani uwe yuu namna gani.

Na bolti za chuma zinazoingia kwenye aluminiamu zipakwe grisi. Chumvi ikiingia baina ya vyuma viwili tofauti vinaoana. Hakuna talaka hapo ila kwa keekee.

KasaWaWatamu

"Hakuna talaka ila kwa keekee." Naliandika mahali hili.

Mkereza

Ila ukizipaka grisi bolti za vibano, kumbuka kile kipimo cha kukaza kwa kawaida ni cha bolti kavu. Bolti yenye grisi inateleza, inakaza zaidi ya unavyodhani kwa nguvu ileile. Grisi kidogo sana, ncha ya kidole, na usizidishe spana.

MzeeWaMaweni

Taarifa ya barabarani, niliyoisubiri kabla ya kufunga habari hii.

Juzi nilikwenda Mokowe na kurudi kesho yake. Malindi, Gongoni, Garsen, Witu, Mokowe, kama kilomita 220 kwenda. Niliondoka baada ya swala ya alfajiri. Garsen nilisimama kunywa chai na mahamri kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya mgongo, na hilo halijatokea tangu ninunue pikipiki hii. Viganja vizima. Shingo ilianza kulalamika baada ya Witu, na ni upepo, alivyosema AmuMokowe. Nikapunguza mwendo hadi 85, ikanyamaza. Kioo kirefu zaidi cha mbele ndicho kitakachofuata, mke wangu hajaambiwa.

Kwenye vizuizi vya polisi mmoja aliutazama usukani, akautazama tena, akauliza kama ni wa kiwandani. Nikamwambia kiwanda kilinikosea kipimo. Akacheka, akaangalia karatasi, akaniachia.

Hitilafu moja: kioo cha pembeni cha kulia sasa kinanionyesha kiwiko changu na kipande cha anga. Sikufikiria vioo hata siku moja. Vimepanda na usukani na kurudi nyuma nao, kwa hiyo vijiti vyake ni vifupi sasa. @Mkereza, unaweza kunikerezea virefusho viwili, uzi wa bolti wa milimita 10?

Mkereza

Naweza. Lakini niletee kimoja nikipime. Kuna vioo vyenye uzi wa kinyume upande wa kulia, ukikaza unakifungua. Suzuki kwa kawaida hawana, Yamaha ndio wenye tabia hiyo, lakini hii ilikuwa ya Mtaliano na sijui alichobadilisha.

BoxerKisumuNdogo

Mkubwa Mkereza, nimetoa ule wa kuchomelea. Kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, kando ya mshono, chini, pale ambapo huwezi kuuona ukiwa umekaa. Sijamwambia mama.

Mkereza

Alhamdulillahi. Usiutupe. Ulete karakana niutundike ukutani, kuna wenzako nataka waushike.

AmuMokowe

Mzee, ungenambia ulifika Mokowe! Ningekuya na boti nikuchukue ule samaki wa kupaka kwetu. Siku ya pili usifanye hivyo.

Mimi nimeshakata shauri: spesa za 30 tu, basi. Nimepima kwa mshipi kama ulivyosema, gurudumu likining'inia, na nyaya zangu zina nafasi. Paipu ndiyo imebakia upana wa kidole kimoya, sitaki, ntabadilisha. Alkhamisi niko Malindi. Washa za shaba zimekubakia?

MzeeWaMaweni

Nne. Ziko kwenye kikopo cha kahawa juu ya friji. Nisipokuwepo mwambie mke wangu umefuata za breki, na usitaje kioo.